Zile picha tisa mlizozificha

Wanangu wa maabara,

Siku tatu nimelala na hasira, nikaona heri niandike. Juzi mmoja wenu, jina simtaji, alituonyesha picha mbili: seli za ngozi zilizooteshwa kwenye sahani, zikakwaruzwa kwa ncha ya pipeti (kile kimrija cha kunyonyea vimiminika) ili kuiga jeraha, kisha seli hizo hizo baada ya saa 24, pengo limeziba kabisa. Makofi yakapigwa. Mimi nilikuwa natazama pembeni mwa picha. Kwenye ya kwanza ilionekana ile alama ya kalamu tunayochora chini ya sahani ili turudi mahali pale pale. Kwenye ya pili haimo. Nikaomba picha zote. Zilikuwa 11, zilizoziba, mbili.

Mwanangu, hizo tisa ndizo nilizozitaka! Katika moja, seli za ukingoni zilikuwa zimejitandaza nyembamba kuelekea penye uwazi, kisha zikakwama. Kwa nini zikwame? Hapo ndipo utafiti ulipoanzia, nawe ukapaona aibu. Na hata zile mbili, nani kakwambia seli zilitambaa? Kama hukuzuia zisigawanyike, huenda zimezaana tu zikajaza nafasi.

Lawama si zako peke yako. Sisi wakubwa tumewalea kwa kuhesabu makala badala ya kuzisoma, na majarida nayo hupenda pengo lililoziba. Mimi mwenyewe ujanani niliwahi kutupa sahani iliyonikatalia, nikasingizia imeingia ukungu. Mpaka leo inanisuta.

Jeraha lenyewe halina pupa hiyo. Damu huganda kwa dakika, uvimbe hukaa siku kadhaa, kovu hujisuka upya kwa miezi, na hata likikomaa hufikia asilimia 80 hivi tu ya nguvu ya ngozi ya awali. Nyinyi mnataka yote yaishe kabla ya mkutano wa Ijumaa.

Mengine nayataja tu. Jeraha la panya huziba zaidi kwa ngozi kujivuta, letu hutegemea zaidi seli kutambaa na nyama mpya kuota. Msimwahidi mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda lolote kwa sababu ya panya. Daftari liandikwe siku ile ile. Anayehesabu asijue sahani ipi ina dawa. Na mwende mkamtazame muuguzi akifungua kidonda cha mguu, maana wengine hamjawahi kukiona.

Nawe mwenye picha, usizifute. Njoo nazo Jumatatu asubuhi, tuanze na ile iliyokwama.