Kabla Hamjapanda Basi Kwenda Dar Kutafuta Bingwa wa Uzazi

Malipo ya minada ya korosho yakianza kuingia, foleni kwenye kliniki yetu hapa Mtwara mjini hubadilika. Wanandoa waliokuwa wakisema "tusubiri msimu" hufika na pesa mkononi na swali moja: daktari gani mzuri Dar? Mwingine kapewa namba na wifi yake, mwingine kaona tangazo Facebook la mtu anayeahidi mapacha ndani ya miezi mitatu.

Tuseme wazi: sisi hatupandikizi mimba. Tuna ultrasaundi, maabara, na bingwa wa magonjwa ya wanawake anayekuja kwa zamu. Kazi yetu ni vipimo vya mwanzo na barua ya rufaa.

Si kila aliyechelewa ana tatizo. Shirika la Afya Duniani huhesabu ugumba baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga. Mwanamke aliyevuka miaka 35 asisubiri zaidi ya miezi 6. Mwenye hedhi inayopotea, maumivu makali, au aliyewahi kupata mimba nje ya kizazi aje mapema zaidi. Na dada uliyeacha sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango, mwaka unaweza kuisha tangu sindano ya mwisho kabla hujashika mimba, na bado ukawa mzima kabisa.

Sasa tuje kwa akina baba, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika, tatizo liko kwa mwanaume peke yake au kwa wote wawili. Lakini anayeletwa ni mke, mara nyingi akisindikizwa na mama mkwe. Mume "yuko vizuri", tunaambiwa. Kuwa vizuri kitandani si kuwa na mbegu. Mtu anaweza kuwa na nguvu zote na kwenye darubini pasionekane hata mbegu moja. Kuna vijana wanaochoma sindano za homoni ili wajaze misuli, hawajui kwamba homoni hiyo ya kutoka nje huzima uzalishaji wa mbegu. Mke anapigwa picha ya mirija ya uzazi, anachomwa, anameza vidonge, na kipimo cha mumewe, ambacho ni rahisi kuliko vyote hivyo, hakijafanyika.

Kwa hiyo kipimo chetu cha kwanza cha bingwa ni hiki: je, anamuuliza mume? Daktari anayeanza matibabu ya mwanamke bila kutaka majibu ya mbegu, sisi hatumpeleki mtu kwake.

Cha pili, anaandika Clomid kwa msingi gani? Dawa hiyo husukuma mayai yapevuke. Kama mirija yote miwili imeziba, yai litapevuka na halitafika popote, na mirija kuziba ni jambo la kawaida kwetu kwa sababu ya maambukizi yasiyotibiwa vizuri, yakiwemo ya baada ya kujifungua au kuharibika mimba. Bingwa makini atataka kujua kama yai linapevuka, na atauliza habari ya mirija kabla hajakuongezea dozi mwezi baada ya mwezi. Picha ya mirija, ile HSG, hupigwa siku chache baada ya hedhi kukatika na kabla yai halijatoka. Ukiambiwa "njoo siku yoyote", uliza tena. Na anayekuuzia dawa ya "kusafisha kizazi" au ya chango, mwambie akuonyeshe kwenye picha hicho anachotaka kusafisha.

Usajili nao ukaguliwe. Baraza la Madaktari Tanganyika lina orodha ya madaktari wake, na kuuliza namba ya usajili si utovu wa adabu. Bingwa wa magonjwa ya wanawake na bingwa bobezi wa ugumba si kitu kimoja, ingawa wengi wenu mtamalizana na yule wa kwanza, tena bila kutoka mkoani. Hospitali ya Ligula na ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo ziulizeni kwanza. Kambi za Madaktari Bingwa wa Samia zikipita wilayani kwenu, nendeni, ila msiondoke bila maelezo yaliyoandikwa, kwa sababu daktari yule wiki ijayo yuko mkoa mwingine.

Mkifika hatua ya kupandikiza, ulizeni bei yote kwa mkupuo: dawa, kutoa mayai, maabara, kugandisha. Ulizeni pia uwezekano wa kufanikiwa kwa mwanamke wa umri wako, kwa sababu namba ya jumla huwabeba wa miaka 28 na wa 42 pamoja. Sindano za kukuza mayai huchukua takriban siku 10, zikifuatiliwa kwa ultrasaundi, kisha kuna kutoa mayai na kurudisha kiinitete, yaani yai lililorutubishwa. Pangeni malazi ya wiki mbili hadi tatu.

Bahasha ya majibu mwende nayo. Karatasi za ultrasaundi hufifia kwa joto letu hili. Tumeshapokea nyeupe tupu, imebaki tarehe tu pembeni. Zipigeni picha kwa simu siku hiyohiyo.

Kipimo cha mbegu tunapokea asubuhi. Baba akae bila kukutana siku 2 hadi 7, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja. Anayetoka Tandahimba au Newala asihangaike kuibeba kwenye kichupa njiani. Chumba cha faragha kipo hapa, kina komeo kwa ndani, na mlango wake hautazamani na foleni.