Wasiibomoe nyumba ya babu

Nakuru

Mpendwa Mmbone,

Barua yako nimeipata. Kumbe baba zako wadogo wanataka kubomoa nyumba ya babu wajenge ploti ya kupangisha! Wewe unataka iwe makumbusho, nami niko upande wako, ila una kazi.

Unasema wanakucheka kwa kuwa babu hakuwa waziri, alikuwa mwalimu tu. Waambie waje huku Hyrax Hill, kwenye makumbusho ya hapa Nakuru. Jengo la makumbusho yale lilikuwa nyumba ya shamba ya mlowezi mmoja, Bi. Selfe, likageuzwa mwaka wa 1965. Nyumba ya kawaida kabisa. Watu huenda kuona mambo ya kale aliyoyachimbua mwanaakiolojia Mary Leakey pale kilimani mwaka wa 1937, na mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani. Nyumba ikiwa tupu, nani atalipa kiingilio aangalie kuta?

Kwa hivyo anza na vitu. Lile daftari la wanafunzi wake wa kwanza, lililoliwa na mchwa pembeni, liko wapi? Na kile kiti kilichovunjika mkono mmoja? Usikitengeneze! Mketishe shangazi, umrekodi akieleza kila kitu kilikuwa cha nani, maana picha za ukutani hazina majina na ni yeye tu anayezijua zote.

Halafu hati ya shamba. Kama bado ina jina la babu, mirathi haijapita kortini, na hakuna atakayewasikiliza mpaka ipite. Kwa sheria ya turathi ya mwaka wa 2006, waziri anaweza kuitangaza nyumba katika gazeti rasmi la serikali, na baada ya hapo haiguswi bila ruhusa. Waeleze wazee hilo mapema; wengine wakisikia serikali hudhani pesa zinakuja.

Na fundi asikushawishi upige plasta ya simiti. Yale matofali ya kuchoma yameunganishwa kwa udongo. Simiti itafungia unyevu ndani, tofali limomonyoke huku nje kunang'aa. Pesa kidogo uliyo nayo itie kwenye mabati na mifereji. Mvua ya Vihiga unaijua mwenyewe.

Nitakuja Desemba na simu yenye kamera nzuri, tupige picha kila ukurasa wa daftari. Ila yale makaratasi ya kabatini mtu asiyachome kabla sijafika, hata kama ni risiti za mbolea.

Msalimie mama sana.

Wako,
Njeri