Kwa watoto wa kambini mnaojenga maghorofa

Wanangu watoto wa kambi za jeshi,

Mlioko Kampala, Jinja na Mbarara, na nyinyi wa Dubai na Doha mnaotuma pesa kila mwisho wa mwezi, mzee wenu ana neno, na leo halisemi kwa upole. Upole niliumaliza mwezi uliopita, na sababu yake nitaieleza.

Pandeni barabara ya Bombo kutoka Kawempe mpaka Matugga, au ingieni ndani kule Najjera, Buwate na Kitende, mjionee mapagale yalivyojaa. Zamani pagale lilikuwa kijumba cha mtu aliyeishiwa akifika kwenye lenta. Siku hizi ni maghorofa. Nguzo za zege zimesimama, nondo zimechomoza juu zinakula kutu, na miti ya kalitusi iliyoshikilia zege bado iko palepale, imeoza miguu. Chini yake mlinzi amefunga turubai anasonga posho. Ukiuliza mwenye nyumba yuko wapi, utaambiwa amepanga mizigo, vile vyumba vya kupanga vya mstari mmoja, kule Kyebando, vyumba viwili, choo cha pamoja, na kodi imemlemea.

Ugonjwa huu naujua unakotoka. Wengi wenu mmelelewa kwenye unipoti, kile kibanda cha bati cha askari. Mnakumbuka lile bati la duara: mchana tanuri, usiku barafu, na mvua ikinyesha hamsikilizani. Shuka moja katikati, upande huu baba na mama, upande huu watoto sita na binamu aliyekuja kusoma. Shuleni watoto wa raia waliwacheka kwamba nyumba yenu haina pembe, kwa hiyo hamna pa kusimamishia kabati. Nadhani ndipo mtu alipoapa kwamba siku akijenga, atajenga kitu kitakachoonekana kutoka barabarani. Kiapo nakielewa. Lakini waliowacheka walishahamia kwao na wana shida zao, na nyinyi bado mnawajengea.

Mimi nilikuwa kitengo cha uhandisi, na tangu nivue magwanda nasimamia saiti za watu. Niwaambie kitu ambacho mchoraji wa ramani hatawaambia, kwa kuwa analipwa kwa ramani. Nyumba ya chini inakupa chumba mapema. Msingi wa mawe, matofali ya kuchoma, lenta, mabati, mlango, unaingia. Ghorofa linakula kwanza. Lina mashimo ya nguzo, nondo nene, mihimili, mbao za kushikilia zege, ngazi, na lile zege lenyewe la juu ambalo linataka limwagwe siku moja, mashine ikiwa saiti na vibarua wengi. Mpaka hapo huna hata mahali pa kuning'iniza shati. Mara nyingi nimeona hesabu hiyo peke yake ingetosha kumaliza vyumba viwili na sebule, paa, madirisha, choo na tangi la maji. Mnajenga kama fundi anayeanza kushona kanzu kwenye tarizi ya kola.

Halafu pesa inakatika, kwa sababu pesa ya mshahara lazima ikatike. Ada za shule zinakuja, mama anaugua, na saruji nayo inataka pesa yake. Pagale linapigwa na mvua za Machi hadi Mei, kisha za Septemba hadi Novemba, na mwaka unaofuata vivyo hivyo. Matofali yetu ya kuchoma hayakuumbwa kunyeshewa miaka bila paa. Yanakunywa maji na kuanza kumomonyoka. Nondo zilizoachwa wazi zinaliwa na kutu. Ukirudi na pesa baada ya miaka mitano, mhandisi mwaminifu atakwambia kuna vya kubomoa kwanza. Asiye mwaminifu atakwambia endelea.

Sasa nifike kwenye lililonikera.

Tulimpoteza mmoja wenu. Jina silitaji, wenyewe mnamjua, na mama yake bado yu hai. Alikuwa kijana mzuri, mchapakazi, ofisini miaka mingi. Mnakumbuka mwaka 2022 sheria ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, ilibadilishwa, mwanachama aliyefikisha miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 akaruhusiwa kuchukua asilimia 20 ya akiba yake. Naye akachukua. Ilikuwa pesa ya kumaliza nyumba ya kawaida na chenji ikabaki. Yeye akaanza ghorofa.

Alipofariki, familia yake ilikuwa kwenye mizigo, ileile niliyosema, na ndugu wakakata shauri kwamba msiba hauwezi kuwekwa pale. Wageni watasema nini? Maiti ikapelekwa kulala kwenye pagale. Wakaleta jenereta, mahema na viti vya kukodi. Jeneza likawekwa mahali palipokuwa pawe sebule, sakafu ya udongo, wakatandika zulia la kanisa juu ya vumbi. Watoto wadogo wakawa wanapanda ngazi isiyo na mkono wa kushikia, wakifika juu ambako hakuna ukuta, na usiku mzima wanaume wawili waliwekwa kazi ya kuwateremsha. Nilimkuta mjane amekaa juu ya kirago akishika ramani ndani ya karatasi ya nailoni. Akanionyesha. "Mzee, hapa aliandika chumba cha mazoezi." Chumba cha mazoezi! Na watoto wake wanne wanalala chumba kimoja na majiko.

Kesho yake nikasikia watu wazima, baadhi yao wenzangu wa jeshini, wakisema marehemu alijitahidi, ameacha ghorofa. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikanyamaza kwa ajili ya maiti. Leo sinyamazi.

Wiki ya pili akaja mkopeshaji. Marehemu alipotaka kumwaga zege la juu alikopa, riba ya kila mwezi, na mkopeshaji hakumwandikia mkataba wa mkopo. Alimtilisha saini mkataba wa kuuziana kiwanja. Ni mchezo wa kawaida hapa mjini: ukilipa, karatasi inachanwa, usipolipa, ulishauza. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akapiga muhuri. Mke hakujua lolote.

Hapa mnisikilize vizuri, hata wewe unayesoma huku unatafuta boda. Sheria ya Ardhi ya 1998, ilivyorekebishwa mwaka 2004, inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani ardhi ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ngao nzuri sana. Lakini ardhi ya familia kwa kawaida ni ile yenye makazi ya familia, pale mnapolala na kupika. Angekuwa amejenga vyumba viwili akahamia na mkewe, mkopeshaji angebaki na karatasi yake mkononi na kesi mbovu. Kwa kuwa hawakuwahi kulala pale hata usiku mmoja, mjane ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Mwanasheria anasema inawezekana, ila ni safari ndefu na ina gharama. Chumba kimoja chenye kitanda kingemlinda kuliko nguzo zote zile.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndio huu, na ningependa muubishe mbele yangu badala ya kunicheka nyuma. Jengeni nyumba ya nyuma kwanza. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, hizo ni kama desimali 11 na nusu (desimali ni sehemu moja ya mia ya eka), kinatosha. Weka vyumba viwili na jiko upande wa nyuma, vikae sambamba na mpaka, choo na shimo lake mahali ambapo hapatazuia nyumba ya mbele. Hamia. Kodi uliyokuwa unampa mwenye mizigo iwe matofali. Nyumba ya mbele ianze ukiwa unalala palepale, unawaona mafundi kwa macho yako asubuhi na jioni. Siku ukihamia mbele, ya nyuma unapangisha au anaishi mama yako. Kama moyo wako haupoi bila ghorofa, mwambie mhandisi apige hesabu ya msingi na nguzo za kubeba ghorofa baadaye, ulipe tofauti hiyo sasa, juu uezeke mabati. Usije ukapandisha ghorofa juu ya msingi wa nyumba ya chini kwa maneno ya fundi kwamba utabeba. Hautabeba. Kila baada ya muda tunasikia jengo limeanguka Kampala na vibarua chini yake.

Mtu hujikuna ajipatapo, na hakuna aibu hapo.

Lakini nisiwalaumu nyinyi peke yenu. Nani aliyewafundisha kwamba mpangaji si mtu mzima? Ni sisi wazee. Tunakwenda kwenye kwanjula, sherehe ya kijana kutambulishwa kwa wazazi wa mchumba, kijana ameleta kila alichoagizwa, na shangazi mmoja lazima aulize: amejenga? Makanisani na misikitini mwenye gari anakaa mbele. Viongozi wanajificha nyuma ya kuta zenye nyaya za umeme, na vijana wanaiga ukuta kabla ya nyumba. Nimeona geti la chuma la mamilioni likifungua kwenye migomba. Na serikali nayo? Kulikuwa na wakati nchi hii ilijengea wafanyakazi wake. Naguru na Nakawa zilikuwa nyumba za kupanga za watu wa kawaida; mwaka 2011 zikabomolewa kwa ahadi ya mji mpya. Nyumba za serikali ziliuzwa miaka ya 1990. Askari anastaafu, anakabidhi unipoti, na watoto wanagundua siku hiyo kwamba hawana kwao. Kisha tunashangaa kijana wa kambini ana kichaa cha nyumba.

Kupanga si laana. Tangu 2022 kuna sheria ya mwenye nyumba na mpangaji: kodi ni kwa shilingi isipokuwa mmekubaliana vingine, haipandishwi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na kukufukuza kunataka amri ya mahakama. Wengi hamuijui, kwa hiyo mnakimbilia kujenga kwa hasira ya mwenye mizigo.

Mengine nitayasema haraka, kwa kuwa mmeshayasikia na hamyafanyi.

Msinunue kibanja, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ya mtu mwingine, kabla ya kumjua mwenye mailo, ndiye mwenye hati ya ardhi hiyo, na kumwona ana kwa ana. Kama kuna hati, nendeni ofisi ya ardhi mkaitafute wenyewe, msikubali nakala ya dalali. Mpimaji apite kabla ya kulipa, si baada. Ongeeni na majirani wa pande zote, hasa mama anayeuza nyanya, yeye anajua nani aliuza mara mbili.

Msijenge kwenye kinamasi. Mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira, ilibomoa nyumba kwenye kinamasi cha Lubigi, na waliokuwa na stakabadhi za LC walibomolewa nazo mkononi.

Zege limwagiliwe maji angalau siku saba. Fundi akisema mvua itamwagilia, mwambie mvua haina mkataba na wewe.

Mlio nje, msitume pesa yote kwa kaka yenu. Nampenda kaka yenu. Mtumieni pesa ya hatua moja, awaonyeshe video ya hatua hiyo akitembea ndani yake, na siku moja mtu mwingine aende bila taarifa. Na hati iandikwe jina lenu, pamoja na la mke.

Wake zenu waonyesheni karatasi zote. Zote. Hata za mikopo. Hasa za mikopo.

Na mwisho, nimeambiwa kwenye kundi letu la WhatsApp mmeanza mchango wa kuwekea kaburi la ndugu yenu marumaru, na mmeshafikia pesa ya maana. Mweka hazina, usinunue kigae hata kimoja. Saruji ya kawaida inatosha, yeye hataona. Pesa hiyo nenda nayo Jumatatu kwa mwanasheria wa mjane, chukua risiti, iweke kundini kila mtu aione. Itakayobaki ni ada za muhula huu za watoto wale wanne. Mchango wangu nimeshautuma, na nimeandika kwenye ujumbe kwamba si wa marumaru.

Mzee wenu,
sajenti mstaafu, Bombo