Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kwa ndugu zetu wa Suffolk na Hampton Roads, Virginia

Wazee wetu, shikamooni. Akina baba, akina mama, vijana na watoto, Bwana Yesu asifiwe. Ndugu zetu Waislamu, ambao hamjawahi kutuacha peke yetu siku ya sikukuu kama nasi tusivyowaacha siku ya Idi, asalaam aleikum. Kwa niaba ya viongozi wa jumuiya yetu, nawatakia nyote heri ya Krismasi na baraka za Mwaka Mpya.

Mwaka huu umekuwa mzito. Tumezika, na tumechangishana kusafirisha mwili wa mwenzetu hadi nyumbani. Kodi za nyumba zimepanda, mayai na nyama tunavinunua kwa hesabu, na nauli ya ndege ya Desemba imewafanya wengi waliokuwa wameahidi kula sikukuu na wazazi wabaki hukuhuku. Najua zipo nyumba ambazo pilau ya mwaka huu itapikwa kwa nyama kidogo. Ipikwe hivyohivyo, na jirani aitwe.

Katika uzito huo nimemfikiria sana mtu ambaye jina lake tunaliona kila tunapompeleka mgonjwa hospitali hapa Suffolk: Amedeo Obici. Alizaliwa Oderzo, karibu na Venice, mwaka 1877. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na mwaka 1889 mama akampandisha meli kwenda kwa mjomba wake Scranton, Pennsylvania. Kiingereza hakukijua. Alifanya vibarua vya kila namna, baadaye akafungua genge la matunda mjini Wilkes-Barre, akanunua mashine ya kukaangia karanga kwa dola 4.50. Mwaka 1906 alianzisha kampuni ya karanga ya Planters pamoja na Mwitalia mwenzake, Mario Peruzzi. Karanga zilizomenywa na kutiwa chumvi zikauzwa kwenye vifuko vya senti 5, na ndani ya kila kifuko akatia herufi moja ya jina lake. Aliyekusanya herufi zote za Obici alipewa saa. Mwaka 1913 akaleta kiwanda hapa Suffolk, awe karibu na wakulima wenyewe na asinunue tena kwa madalali. Kiwanda kipo hadi leo.

Lakini kabla ya kampuni, kabla ya utajiri, senti zake za kwanza za akiba zilikuwa na kazi moja: kumleta mama yake Marekani pamoja na wadogo zake. Akawaleta.

Hapa naomba mniruhusu niseme la kwangu. Mama yangu alikuwa muuza karanga, Kibaigwa, barabara ya Dodoma. Alizikaanga kwa mchanga kwenye karai alfajiri, akazifunga kwenye vikaratasi vya daftari, nasi watoto tukazikimbiza kwenye madirisha ya mabasi. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Karatasi za kumleta huku zilikuwa zimefika mbali, na chumba chake tulikuwa tumeshakiandaa, alipofariki mwezi Agosti. Wengi wenu mlikuja kukaa nami matanga. Sikupata nafasi ya kuwashukuru mmoja mmoja, kwa hiyo pokeeni shukrani zangu hapa. Krismasi hii ni ya kwanza ambayo simu ya asubuhi sina wa kumpigia, na kila ninaponusa karanga zinazokaangwa katika mji huu namkumbuka yeye.

Kwa hiyo nawaomba ninyi ambao mama bado yupo: mpigieni leo, msingoje kwanza mpate cha kutuma. Mzazi haulizi pesa kwanza, anauliza umekula. Msikilizeni hadi mwisho hata kama habari ya mbuzi mmeshaisikia.

Obici hakujaliwa mtoto. Mwaka 1916 kampuni yake ilitafuta nembo, na mwanafunzi wa hapa Suffolk, Antonio Gentile, naye mtoto wa Waitalia, akachora karanga yenye mikono na miguu. Tuzo yake ilikuwa dola 5. Obici hakuishia hapo. Aliwalipia masomo ya chuo Antonio na ndugu zake, na Antonio akawa daktari. Mke wa Obici, Louise, ambaye naye aliwahi kuuza karanga kwenye kibanda, alifariki mwaka 1938. Obici akaacha mali kwa ajili ya hospitali yenye jina la mkewe. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1947 na hakuiona, ilifunguliwa 1951. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tumeyaona kwa macho, kwa sababu wapo watoto wetu waliozaliwa katika hospitali yenye jina lake.

Ndugu zangu, sisi wengi tunaishi huku kama watu wa stendi. Kila mwaka tunasema tutarudi, na kwa kuwa tutarudi hatupandi kitu. Kupenda nyumbani ni haki, na tujenge nyumbani. Lakini na huku tulipo, Mungu atatuuliza tulimfanyia nini mtoto aliyekuja mwaka jana hajui hata kupanda basi. Kijana wa mwenzako amekwama ada, wewe unabadilisha gari lisilo bovu. Mgeni anatafuta kazi, wewe unajua palipo na nafasi na umenyamaza asije akakupita. Tuache hayo. Tuandike wosia, tukate bima ya maisha ili msiba usitukute tena na kofia mkononi, na anayejua kazi amfundishe asiyejua. Aliyeshika biashara amshike mkono mwenziwe. Utajiri si sharti. Louise na Amedeo walianza na kibanda.

Mfuko wa ada za vijana wetu tunaufungua Januari, na mweka hazina atawapa utaratibu siku ya mkusanyiko wa Mwaka Mpya. Kila nyumba ije na chungu kimoja, watoto waje na nguo zao za sikukuu, na wazee wote watafuatwa kwa magari.

Mwenyezi Mungu awalaze pema marehemu wetu, awaponye wagonjwa, awape kazi wasio nazo, na atuvushe salama. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye fanaka.

Ni mimi ndugu yenu,
Katibu