Barua kwa dada anayemuuguza mama Kwaresima hii

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mama ameamkaje leo?

Uliniambia kwenye simu kwamba tangu apate kiharusi hujakanyaga kanisani, na kitabu cha sala hujakifungua. "Sala ni ya wenye nafasi," ukasema, kisha ukaaga haraka kwa sababu ilikuwa saa ya kumgeuza. Neno hilo lilinikosesha usingizi. Jumapili hii, ya pili ya Kwaresima, kwetu Waorthodoksi ni siku ya Mtakatifu Gregory Palamas, nami nilisimama kanisani nikiwaza kwamba huyu alishabishana na hoja yako hiyohiyo, karibu miaka 700 iliyopita.

Alizaliwa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, mwaka 1296 hivi. Baba yake alikuwa mtu wa ikulu ya mfalme Andronikos II. Wanasimulia kwamba siku moja mfalme alimsemesha barazani akakuta hasikii, amezama katika sala, basi akamwacha aendelee. Mzee huyo alifariki Gregory akiwa bado mdogo, wa miaka saba hivi. Ona basi: mtu wa kwanza ambaye Gregory alimwona akisali alikuwa mwenye kazi, mke na watoto.

Mwenyewe alikwenda Mlima Athos, mlima wa watawa huko Ugiriki, akiwa na miaka ishirini hivi. Watawa wa huko walisali kwa utulivu, kichwa kimeinama, pumzi ikienda taratibu, wakirudia maneno machache: Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi. Msomi mmoja kutoka Calabria, kusini mwa Italia, aitwaye Barlaam, akawacheka, akisema wanadhani roho inakaa kitovuni. Kwake yeye Mungu hawezi kujulikana namna hiyo, na mwili ni kizuizi tu. Gregory alimjibu kwa maandiko tisa, yaliyopangwa matatu matatu. Kiini cha Mungu, alisema, hakuna kiumbe anayekifikia. Lakini Mungu huyohuyo hutufikia kwa nguvu zake zisizoumbwa, na hizo nguvu ni yeye mwenyewe, kama miale inavyotugusa ingawa hatuwezi kulishika jua. Tena mwili nao unapokea nuru hiyo, maana Mungu alivaa mwili. Mtaguso wa 1341, uliokutana katika kanisa la Hagia Sophia kule Konstantinopoli, ulikuwa upande wake.

Dada, mikono yako inayomsugua mama mgongo asipate vidonda imo katika hoja hiyo. Naamini hivyo kabisa.

Na kuna kisa cha Beroya, mji wa Ugiriki. Mtawa mzee aitwaye Job alishikilia kwamba kusali bila kukoma ni kwa watawa peke yao. Gregory akakataa: ni kwa kila Mkristo. Hakutaka kugombana na mzee, akanyamaza, kila mmoja akaenda kusali. Inasimuliwa kwamba malaika alimtokea Job akamwambia ashike alivyosema Gregory. Baadaye Gregory akawekwa kuwa askofu mkuu wa Thesalonike, mji uleule ambao Paulo aliuandikia, "ombeni bila kukoma."

Usidhani aliyasema hayo kutoka mahali patulivu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, alifungwa karibu miaka minne. Alipopewa uaskofu mwaka 1347, waliotawala mji walimzuia, akaingia 1350. Mwaka 1354 akiwa safarini baharini Waturuki wakamteka, akakaa mateka kama mwaka mzima. Kutoka huko aliwaandikia waumini wake. Anasimulia Wakristo waliomjia wakiuliza kwa nini Mungu ameliacha taifa lao, swali ambalo wewe nawe umewahi kuniuliza. Huko Nikea aliona Waislamu wakizika, akasubiri, kisha akakaa kivulini na imamu wao wakazungumza juu ya imani. Mwishoni mmoja wao alisema itakuja siku watakapoelewana. Gregory akakubali, akaomba siku hiyo ije upesi. Mateka, hana madhabahu, hana kundi lake, na bado moyo wake ulikuwa na nafasi ya kumwombea aliyeketi mbele yake.

Kitabu cha sala kiache kilipo. Ukimgeuza mama, sema yale maneno machache, mara moja unapomshika bega na mara moja unapomlaza. Ijumaa nimepata ruhusa kazini. Nitafika kabla ya saa kumi, unionyeshe dawa zake za jioni, halafu wewe nenda kanisani kwenye ibada ya Salamu za Mama wa Mungu. Mimi nitabaki naye.

Mdogo wako