Kwa binti wa muuza bucha

Same, Jumapili usiku

Marahaba, mama yangu mdogo.

Ujumbe wako wa kuniambia umeacha nyama nimeusoma mara tatu, ya mwisho nikiwa nimekaa juu ya gogo la kukatia nyama baada ya kufunga. Nakujibu kwa karatasi kwa sababu kwenye simu mama yako huninyang'anya kabla sijamaliza, na kwa sababu yale maneno yako, "naomba usikasirike, Baba," yamenikaa kooni. Sijakasirika. Nimeuza nyama miaka ishirini na sita, na ada yako imetoka kwenye mizani ile ile. Nimeshangaa tu, halafu nikashangaa kwa nini nashangaa.

Mama yako nilipomwambia kwamba siku hizi unakula mboga tu, alijibu, "Kwani sisi huku tunakula nini?" Ana haki. Kwetu ukiuliza leo mboga ni nini, unaweza ukajibiwa nyama, dagaa au mchicha, chochote kinachosindikiza ugali. Ilinibidi nimweleze upya: hali nyama, hali samaki, maziwa ameacha, mayai ameacha. Akanyamaza, kisha akauliza kama unaumwa.

Wewe ni somo wa bibi yako, na labda hujui kwamba hata hili mmefanana. Usabato uliingia nchi hii kupitia milima yetu hii ya Upare, pale Giti, mwaka 1903, na bibi alizaliwa ndani yake. Nguruwe hakumjua tangu utoto. Lakini nyama yote aliiacha akiwa mtu mzima, aliporudi kutoka makambi ya kanisa. Mhubiri aliwasomea Mwanzo sura ya kwanza, pale Mungu anapowapa watu miche itoayo mbegu na miti yenye matunda iwe chakula chao, akamalizia na Danieli na wenzake walioomba mtama na maji siku kumi kwenye nyumba ya mfalme, wakanawiri kuliko waliokula chakula cha mfalme. Bibi alirudi na mzigo wake kichwani, akagawa kuku wake kwa jirani, na tangu siku ile ikawa makande, kunde na maboga. Nilikuwa kijana mwenye njaa. Yule mhubiri nilimchukia sana.

Baadaye nilipofungua bucha hakuwahi kukanyaga ndani. Alisimama nje, upande wa dirisha, akinisalimia. Hela ya sabuni, hata hivyo, aliipokea.

Kabla ya hapo nilifanya kazi ya kubeba magunia Moshi, kwenye duka la nafaka la Baniani mmoja wa dini ya Jaini. Waswahili wana msemo wao kuhusu Baniani na kiatu chake. Mimi ninachokumbuka ni sahani yake. Mchana alitulisha wote: dengu, chapati, wali, achari ya embe. Hakuna kitunguu, hakuna saumu, hata viazi hakuna, kwa sababu ukiking'oa kitu cha ardhini umeua mmea mzima na wadudu walioko kwenye udongo wake. Jioni aliharakisha nyumbani ale kabla jua halijazama, asije akameza mdudu gizani. Tulimcheka, lakini hakuwahi kumlazimisha mtu yeyote kuamini alichoamini, na zile dengu zilikuwa tamu. Yeye hakuchagua kama wewe. Alizaliwa humo, na baba yake, na babu yake.

Wateja wangu nao wameacha mmoja mmoja. Wazee wengi ni gauti: kidole gumba cha mguu kinavimba usiku, daktari anasema punguza nyama nyekundu, wiki ijayo namwona anapita ng'ambo ya barabara kama mtu mwenye deni. Mwalimu mmoja aliyestaafu aliniletea gazeti, mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kupitia wataalamu wake wa saratani kwamba nyama za kusindikwa kama soseji zinasababisha saratani ya utumbo mpana, na kwamba gramu hamsini kila siku zinaongeza hatari kwa asilimia 18. Nyama nyekundu ya kawaida waliiweka kwenye kundi la "huenda". Mwalimu akasema, "Basi nipe steki nusu, hiyo ya huenda."

Hofu ndiyo iliyowahi kunifilisi kweli. Mwaka 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipoingia nchini, watu waliacha nyama kwa siku moja, mji mzima, bila mhubiri. Ng'ombe niliyekuwa nimemnunua mnadani nilimrudisha kwa hasara. Maharage yalipanda bei, dagaa wakapanda bei, na wewe ukiwa mdogo ulilishwa uji wa karanga mpaka ukaukataa. Ugonjwa ulipotulia foleni ilirudi kama vile hakuna kilichotokea. Tangu hapo siamini sana mtu anayeacha kwa kuogopa.

Umeniandikia pia habari za hali ya hewa, kwamba ng'ombe anapocheua anabeua gesi inayopasha dunia joto. Kaka yako alinitafutia: shirika la chakula la Umoja wa Mataifa mwaka 2013 lilikadiria kwamba ufugaji wote unachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na binadamu. Sikatai. Nikuombe tu unapoisema hoja hii usimsahau Mmasai wa Simanjiro. Kule mvua haitoshi mahindi, nyasi zile binadamu hawezi kuzila, na ng'ombe ndiye anayezigeuza chakula. Ukame wa 2009 niliwaona wakishusha mnadani ng'ombe wasioweza kusimama, wakiuza mtaji wa maisha yao kwa bei ya ngozi. Kwa mtu anayekula nyama mara tatu kwa siku huko Ulaya hoja yako inasimama wima. Kwa yule mzee wa Simanjiro inachechemea.

Lakini nadhani sababu yako si hizo. Umezipanga mwanzoni mwa ujumbe, moja, mbili, tatu, kama mtu anayeenda kujitetea barazani. Halafu mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja, umeandika kwamba darasa lenu lilipelekwa machinjioni na kwamba yule ng'ombe wa nne alikuwa anatetemeka. Nimejua ndiyo hiyo.

Kaka yako anasema neno lenyewe la watu wanaokula kama wewe, vegani, lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na mwalimu wa useremala aliyeitwa Donald Watson. Alikuwa mtoto alipoona nguruwe akichinjwa kwenye shamba la mjomba wake, mjomba aliyempenda, na akiwa na miaka kumi na minne akaacha nyama. Maziwa na mayai aliyaacha miaka mingi baadaye. Aliishi mpaka 2005, miaka 95. Kilichonigusa ni huyo mjomba. Sijui alijisikiaje kila mtoto yule alipokuja kumtembelea.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama yako hajui vizuri, ingawa nadhani ameshabaini. Siku za machinjio mimi sili nyama. Tangu mwaka wa kwanza. Mzee anayetuchinjia ni Mwislamu mwenye adabu ya kazi: kisu hukinoa kando, kamwe si mbele ya mnyama, na hachinji mmoja huku mwingine akitazama. Anamlaza kwa upole, anasoma bismillahi, mara moja, kwisha. Ikitendeka hivyo, naondoka na nyama yangu na mhuri wa mkaguzi, nalala. Lakini mzee huyo hayupo kila siku, foleni ikiwa ndefu vijana wanakimbizana na muda, na ng'ombe wa nne, wa tano, anasikia harufu ya damu ya wenzake. Nimeyaona macho hayo. Narudi nyumbani nasema sina njaa, nimekula supu mjini, na mama yako ananiwekea chai ya rangi. Ulipokuwa mdogo ukilia nikupeleke ukaone ng'ombe, nilikukataza kwa ukali. Ulidhani nakunyima.

Kwa hiyo tumeona kitu kimoja, wewe ukaacha, mimi nikaendelea. Sina cha kujitetea zaidi ya ada na karo.

Maziwa, nakiri, nilidhani umezidisha. Halafu Alhamisi nikanunua ndama dume kutoka zizi la ng'ombe wa maziwa huko juu, kama ninavyonunua kila mwaka, maana dume hatoi maziwa na majani ya kukata ni kazi. Nikiwa nampakia kwenye gari nikakukumbuka wewe, nikaona hesabu yako ilivyokwenda.

Basi kula vizuri. Maharage, mbaazi, choroko, karanga, parachichi, hivyo hata bibi yako alivila akapanda mlima mpaka uzeeni. Kamulia ndimu kwenye mchicha na maharage ili mwili ushike madini ya chuma, na chai ya rangi isubiri, usiinywe na chakula. Bibi, lakini, alikunywa maziwa. Wewe hunywi, na kuna vitamini B12 ambayo haipatikani kwenye mimea. Ini huweka akiba ya miaka, kwa hiyo utajiona mzima, kisha miguu ianze ganzi na damu ipungue. Vidonge vipo famasi. Hela nimekutumia leo asubuhi, ukanunue kweli, usije ukanunulia vocha.

Limebaki moja. Yule beberu mweupe tuliyemtenga kwa ajili ya mahafali yako bado yupo, amenenepa, na wajomba zako wameshaanza kumtazama. Mama yako yuko tayari kupika makande sufuria mbili, ya nazi na ya karanga. Lakini sherehe ni yako, na mbuzi ni wako. Niambie nimfanye nini, uniambie mapema, kabla wajomba hawajaja na kamba.

Baba yako