Binamu, lile si birika tu

Binamu,

Nimeiona picha yako ya pale makumbusho ya reli Nairobi, umeegemea ile injini ya treni ya mvuke, Mount Gelai, na miwani yako ya jua, chini ukaandika "kumbe ni birika tu lenye magurudumu". Nikacheka, halafu nikamkumbuka babu yetu nikakasirika kidogo, ndo maana nakuandikia hapa mbele za watu.

Haya, ni birika. Lakini hilo la namba 5918 ni moja kati ya 34 zilizotengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, lina tani kama 250, na mvuke ulikuwa unajazwa humo hadi presha ya pauni 225 kwa inchi moja ya mraba. Tairi la Probox yako ni thelathini na kitu tu. (Halafu Gelai yenyewe ni mlima wa Tanzania, karibu na Ziwa Natron, mashine zote za kundi lile walizipa majina ya milima ya huku kwetu.)

Sasa nenda jikoni kwako uchungulie birika lenyewe, si unaona ule ukoko mweupe unaoachwa na maji ya kisima? Basi ukoko huohuo ukiganda ndani ya boila, lile tangi la injini la kuchemshia maji, unazuia maji yasiguse chuma vizuri, moto uko upande wa pili unachoma, chuma kinapata joto kupita kiasi, kinalegea, kinavimba. Kuutoa huo ukoko ndo ilikuwa kazi ya babu, usiku, shedini kwenye banda la injini. Wanafungua plagi za kuoshea, wanaingiza mpira wa maji na vyuma virefu wanakwangua, matope yanamwagika hadi kwenye buti. Na huwezi kuharakisha, boila lazima lipoe polepole kwanza maana ukilimwagia maji baridi likiwa bado lina moto chuma kinapasuka, sasa fikiria mkubwa amesimama mlangoni anauliza injini iko wapi na wewe unamwambia bado ina moto, ngoja.

Kitu kilichomtisha babu kuliko vyote kilikuwa kile kioo cha kuonyesha maji. Maji yakishuka chini ya paa la tanuri, kile chumba cha moto kilichozungukwa na maji ya boila, lile paa linabaki kavu juu ya moto, likiachia maji yote yanageuka mvuke kwa mpigo na hapo hakuna wa kusimulia. Kwa hiyo vioo vilikuwa viwili, na hukuviamini hivihivi, unafungua koki maji na mvuke vifyatuke nje, unaifunga uone maji yanarudi upesi, kwa sababu tundu likiziba kioo kinaendelea kukuonyesha maji ya uongo. Tena treni ikiteremka maji yanakimbilia mbele, nyuma kwenye tanuri yanapungua, dereva lazima awe ameshalipigia hesabu hilo kabla hajafika mteremkoni. Pale kwenye paa waliweka na plagi yenye madini ya risasi katikati, maji yakiisha risasi inayeyuka na mvuke unafyatuka kuwaonya waliomo. Babu alisema ukiisikia hiyo ujue umeshachelewa kufikiri, we zima moto.

Na ile tabia yake ya kugongagonga vitu tuliyokuwa tunaichekea, unaikumbuka? Akienda dukani kununua kikombe anakigonga kwa ukucha, kizima kinalia ngiii, chenye ufa kinasema tap, anakirudisha. Ndivyo walivyokuwa wanagonga magurudumu ya treni kwa nyundo, na ndivyo walivyokuwa wanazitafuta zile boliti zinazoshikilia kuta za tanuri zilizokatika ndani, hazionekani kwa macho, zinasikika tu. Halafu sisi tunamwona mzee wa vituko.

Ile picha usiifute bwana, umependeza. Ila niambie, nyundo yake ndogo ile ya mpini mrefu iko wapi? Mama anasema ilibaki kwenu, na mara ya mwisho aliiona shangazi akipasulia nayo nazi.